Mama Amesema Usiambiwe

Jumapili, 2 Machi

Manowari imeondoka saa tatu asubuhi na mke wangu yumo, chini kabisa kwenye chumba cha mitambo, mahali ambapo hata dirisha hakuna. Sisi tuliobaki gatini tulipungia mkono chuma kitupu. Mwanamke mmoja aliyezoea mambo haya aliniambia mafundi wa mitambo hawapandi juu kuaga, wakati wa kuondoka ndio kazi imewakaba. Nilipunga hivyo hivyo.

Watarudi mwisho wa Juni. Simu ni dakika kumi, Jumapili moja kati ya mbili, saa nne asubuhi. Vifurushi vinapelekwa na meli ya ugavi kila baada ya wiki mbili. Mke wangu ameniomba niandike kila siku, hata mstari mmoja, kwa hiyo nimechukua daftari kuukuu la kazini, lile la kuhesabia mashuka ya hospitali.

Mama mkwe amefika tangu jana na mabegi mawili. Ameomba mwenyewe kuja kukaa nami, eti nyumba isipoe. Mimi naona amekuja kunichunga. Ni mkunga mstaafu, amezalisha nusu ya watu wanaotembea huko kwao, na mimi ananitazama kama mtoto aliyetanguliza miguu.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza. Mashine namba mbili imegoma na wadi ya upasuaji inadai mashuka.

Ijumaa, 7 Machi

Leo mimi na Mama tumefunga sanduku la kwanza. Nilikuwa na orodha yangu: soksi nene jozi sita, maana buti za mitamboni zinakula soksi, poda ya vipele vya joto, sabuni, kitabu cha mafumbo ya maneno, biskuti. Mama akaja na yake: karanga za kukaanga, chupa ya asali, na fulana ya sufu.

"Mama, huko chini ni joto kama tanuri."

"Akipanda juu je?"

"Na asali hawaruhusu, ni kimiminika."

"Asali si kimiminika, ni dawa."

Huwezi kubishana na mama wa mkeo halafu mkaenda kula meza moja. Alipokwenda kuoga niliitoa asali. Aliporudi akairudisha, bila neno.

Jumamosi, 8 Machi

Ofisi ya vifurushi iko nyuma ya geti la kikosi. Karani ni koplo mwenye miwani minene, watu wanamwita Mizani naye anaitika. Sanduku lisizidi kilo tano. Asali aliitoa kabla hata ya kupima, akaiweka kando kama mtu anayeweka kando bastola. Bado tulizidi gramu tisini.

"Punguza, bwana."

Nilitoa pakiti ya biskuti. Zikabaki gramu kumi.

"Gramu kumi tu, koplo."

"Nina masanduku mia mbili. Zidisha mwenyewe."

Mama akanisogeza kwa kiwiko, akachota karanga kiganja kizima, akaanza kuzitafuna pale pale kaunta, moja moja, akimtazama Mizani usoni mpaka mshale ukashuka. Mizani akapiga mhuri. Sikuwahi kumpenda Mama kama dakika ile.

Jumapili, 16 Machi

Simu ya kwanza. Sauti yake inatoka kama kwenye mtungi, nyuma yake mitambo inanguruma. Anasema joto linafika hamsini na wanakunywa maji kwa zamu. "Dobi," akaniita, "umenenepa?" Nikasema mama yake ananilisha. Mama alichukua simu kwa dakika saba kati ya kumi. Niliona wivu, mtu mzima mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua, mvua. Mashuka hayakauki, tunategemea rola ya kupigia pasi tu.

Jumamosi, 22 Machi

Sanduku la pili. Mama ametia alama ya uzi mwekundu kwenye kila soksi ili zisipotee katika udobi wa melini. Kushona kwake ni kuzuri, mishono midogo, ya mtu aliyeshona ngozi za watu. Nilimwambia hivyo. Alisema, "Ngozi ni rahisi, haifumuki nyuzi."

Jumamosi, 5 Aprili

Sanduku la tatu nimelipeleka peke yangu. Mama amesema mvua itamtia mafua. Mizani aliniuliza, "Yule bibi wa karanga yuko wapi leo?"

Jumatano, 9 Aprili

Mama anafua mashuka yake mwenyewe, bafuni, mlango umefungwa. Mimi ndiye dobi wa nyumba hii na wa hospitali nzima. Nimechukulia ni heshima tu, mkwe asione matandiko ya mama mkwe.

Jumapili, 13 Aprili

Simu. Watatia nanga bandari moja ya ugenini tarehe mbili Mei, siku tatu. Anasema ataenda kulala juu ya nyasi, nyasi zozote zile. Mama aliongea dakika mbili tu leo, akanirudishia simu. "Zungumza na mumeo, mimi koo limekauka."

Jumatatu, 21 Aprili

Naandika hili nikiwa nimekaa jikoni, na Mama amelala chumbani kwake, mchana huu, jambo ambalo halifanyi.

Nimerudi kutoka kazini saa saba kwa kuwa umeme ulikatika. Nikamkuta bafuni amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, shuka liko kwenye beseni nusu limefuliwa, na yeye hawezi kusimama. Nilimsaidia mpaka kitandani. Kisha nikarudi kulimalizia lile shuka, maana ndiyo kazi yangu na mikono yangu ilitaka kitu cha kufanya.

Nimefua mashuka ya wagonjwa miaka kumi na minne. Shuka halijui kuficha. Nililishika pale kwenye beseni, nikaona ile rangi ya manjano iliyokolea ya jasho na mkojo ambayo huwa naiona kwenye mashuka ya wadi ya wanawake, kona ya mwisho, vitanda vya dirishani. Niliijua.

Nilikwenda nikasimama mlangoni kwake. Hapo ndipo nilipomtazama kweli, na macho yake nayo yalikuwa hivyo hivyo.

"Mama, unaumwa ini."

"Umesomea wapi udaktari?"

"Kwenye beseni."

Akacheka kidogo, na kicheko kikamwuma, akashika ubavu. Akaniambia nikae. Akaniambia yote kama anavyomwambia mzazi aliyekuja kliniki, kwa mpangilio, bila kunung'unika. Ni saratani. Ameijua tangu Januari. Hakuja kunichunga. Alikuja kwa sababu hospitali kubwa iko hapa, na alikwisha kwenda mara nne mimi nikiwa huko huko hospitalini, ghorofa ya chini, nazungusha mashine. Daktari hampi dawa ya kuponya, anampa ya maumivu.

"Mkeo hajui," akasema, "na hatajua mpaka arudi."

"Mama, hilo siliwezi."

"Utaliweza. Wewe unajua alipo? Yuko katikati ya vyuma vinavyozunguka. Nimeshona mikono ya watu wa viwandani, baba. Mtu mmoja alikuwa anawaza mtoto wake mgonjwa, akasahau mkono wake uko wapi. Dakika moja tu. Usinitie kaburini na mkono wa mwanangu."

Nilijifuta mikono kwenye suruali, bado ilikuwa na povu.

"Juni si mbali," akasema. "Nitamsubiri. Nipe neno lako."

Nikampa. Niliyasema maneno yenyewe: Sitamwambia.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilipita ofisi ya familia za wanamaji baada ya kazi. Kapteni wa pale ni mama wa makamo, mpole, ana sanduku la karatasi laini juu ya meza, na nadhani halikai mezani kwa urembo. Nikamwuliza, kwa kuuliza tu, kama ndugu wa mwanamaji akiugua sana inakuwaje. Akasema: mzazi, mwenza au mtoto, barua ya daktari, siku tano za kushughulikia, na meli ikiwa bandarini anapandishwa ndege.

"Meli inatia nanga tarehe mbili," akasema. "Kuna jambo nyumbani?"

"Hapana, afande. Nilitaka kujua tu."

Alinitazama kidogo. Akasema ofisi iko wazi mpaka saa kumi kila siku.

Ijumaa, 25 Aprili

Siku ya mwisho ya kupeleka barua ya daktari kwa Kapteni. Nilikunja mashuka mia tatu na sabini.

Jumapili, 27 Aprili

Simu. Mama alijipaka mafuta midomo kabla haijalia, kana kwamba ataonekana. Alicheka mara tatu. Akamsimulia mwanawe bustani ya nyuma, mchicha umeota, nimeng'oa magugu, mgongo huu utaniua. Hatuna mchicha nyuma. Kuna tope na kamba ya nguo. Nilikuwa nimekaa pembeni yake nikitazama miguu yake iliyovimba mpaka viatu haviingii. Zamu yangu ilipofika mke wangu akasema, "Mama anasikika mzima kabisa. Asante Dobi." Sikumbuki nilimjibu nini.

Jumanne, 29 Aprili

Nimemkuta anaandika barua. Si moja, ni sita, kila moja na tarehe yake juu: 3 Mei, 17 Mei, 31 Mei, mpaka mwisho wa Juni. Moja kwa kila sanduku, na mbili za akiba.

"Mkono utaanza kutetemeka," akasema. "Ataujua mwandiko. Kwa hiyo naandika sasa."

"Na kama..."

"Na kama nikiwahi kuondoka, wewe unatia tu. Masanduku yasiende bila neno langu."

Nilizipokea. Nimeziweka kwenye droo ya leso zangu.

Ijumaa, 2 Mei

Leo meli iko bandarini. Mvua haijanyesha, jua limewaka siku nzima kama la kukusudia. Nilitazama saa kila nilipopita ukutani. Saa sita. Saa nane. Nilijua kwamba pale alipo sasa kuna uwanja wa ndege.

Jumamosi, 3 Mei

Sanduku la tano, na barua ya kwanza ya uongo. Mizani akapima. Kilo nne na gramu mia sita. "Leo una nafasi," akasema, "ongeza kitu." Sikuwa na cha kuongeza.

Alhamisi, 8 Mei

Mama amekula vijiko vinne vya uji.

Jumapili, 11 Mei

Simu. Mke wangu alilala juu ya nyasi, akaumwa na wadudu. Mama alisema neno moja moja, akadai anakwenda kuipua sufuria.

Jumatano, 14 Mei

Nimemwambia Bi Rola. Tunafanya naye kazi miaka tisa, yeye analisha rola na mimi napokea upande wa pili, kisha tunakunja pamoja, kona kwa kona. Hakuna mtu ninayemwangalia usoni kwa muda mrefu kama yeye. Leo aliniambia nina uso wa mtu anayedaiwa, nikamweleza.

Tulikunja mashuka kama kumi. Kisha akasema, "Mimi mama yangu alifariki nikiwa wodini najifungua. Walinificha wiki mbili ili maziwa yasikauke. Maziwa hayakukauka. Lakini dada zangu walionificha, mpaka leo nikiwatazama nawaona wamesimama mlangoni kwangu, wamenizuia kutoka."

"Nimempa neno langu, Bi Rola."

"Nimekusikia. Ulikuwa na haki ya kutoa neno lako. La mkeo nani alikupa ruhusa ya kulitoa?"

Akanipa kona za shuka, tukaendelea.

Jumamosi, 17 Mei

Sanduku la sita. Nimetia barua yenye tarehe ya leo. Inasema mchicha umekomaa.

Jumatatu, 19 Mei

Mama amelazwa. Wadi ya wanawake, kona ya mwisho, kitanda cha dirishani.

Jumanne, 20 Mei

Maumivu yalimpanda asubuhi, nesi akamdunga sindano mbili. Katikati ya usingizi aliita jina la mke wangu la utotoni, lile ambalo haruhusu hata mimi nilitumie. Aliliita kama anamwita mtoto aje kula. Akangoja. Akaliita tena. Nilikuwa nimesimama pale na toroli ya mashuka.

Jumatano, 21 Mei

Nimevunja neno langu.

Daktari alinipa barua saa nne. Saa tano nilikuwa kwa Kapteni na sare yangu ya kazi, harufu ya klorini imejaa ofisi yake. Aliisoma mara mbili. Akaniuliza ugonjwa ulijulikana lini. Nikasema mimi nilijua tarehe ishirini na moja Aprili. Akahesabu, nilimwona midomo ikihesabu.

"Ungekuja siku ile uliyokuja kuuliza," akasema.

"Najua, afande."

"Basi sina la kuongeza." Akavuta simu. "Bandari inayofuata ni tarehe thelathini Mei. Nitamwarifu kamanda wake leo. Kesho atakuwa amejua. Na watamtoa kwenye mitambo, wasiwasi huo uuondoe, hatumwachi mtu pale katika hali hiyo."

Kumbe wanawatoa. Siku zote hizi sikuwa nimeuliza hilo. Swali moja tu, na sikuliuliza.

Alhamisi, 22 Mei

Nimemwambia Mama mimi mwenyewe, nimesimama miguuni pa kitanda. Nilidhani atafoka. Alisema, "Nilikuamini." Akageukia ukutani.

Jioni umekuja ujumbe wa mke wangu kutoka melini, kupitia kwa Kapteni, maneno matatu: Umejua tangu lini?

Nikajibu: Tangu Aprili.

Hakuandika tena.

Ijumaa, 23 Mei

Mama hasemi nami. Nimebadilisha mashuka yake, akainuliwa na nesi, akatazama ukuta.

Jumamosi, 24 Mei

Hasemi.

Jumapili, 25 Mei

Saa nne simu haikulia. Nimekaa nayo mpaka saa saba.

Jumatatu, 26 Mei

Kapteni amenipigia kazini. Bandari imefutwa. Kuna meli ya mizigo imepotea huko kwenye dhoruba na manowari imeagizwa kwenda kuitafuta, upande wa mbali zaidi. Hakuna helikopta ya kufika huko na kurudi. Hakuna wa kumlaumu, akasema. Nilimshukuru. Nilirudi kwenye rola, na Bi Rola aliponiona akazima mashine yote, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla ya saa kumi, akasimama tu.

Jumanne, 27 Mei

Nilimpelekea Mama habari. Nilimwambia wazi: hatakuja, meli imegeuzwa. Nilisubiri aseme, si nilikukataza, sasa umepata nini. Badala yake akauliza, "Hiyo meli iliyopotea ina watu wangapi?"

"Kumi na wanane."

"Basi waitafute," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu Alhamisi. Akaniomba maji.

Jumatano, 28 Mei

Ameniagiza nilete zile barua nne zilizobaki. Akanitaka nizisome kwa sauti. Nilisoma ile ya mwisho wa Juni, ambayo ndani yake amekula samaki, amegombana na jirani kuhusu uzio na ameshinda. Hatuna jirani mwenye uzio. Alicheka mpaka nesi akaja.

"Nilikuwa nadanganya vizuri," akasema. Halafu akaniambia nizichane, na nilizichana pale pale, vipande nikavitia mfukoni mwa sare.

Jumamosi, 31 Mei

Hakuna sanduku. Nilikwenda ofisini mikono mitupu kumwambia Mizani asitusubiri. Alikuwa ameshasikia. Alitoka nyuma ya kaunta, sijawahi kumwona bila kaunta, ni mfupi kuliko nilivyodhani. Akanishika bega, akasema, "Yule bibi ndiye mtu pekee aliyenishinda kwenye huu mzani."

Jumapili, 1 Juni

Kapteni amepata dakika ishirini za simu, nje ya utaratibu. Alikuja nayo mwenyewe wodini, akavuta pazia, akatoka.

Nilimshikia Mama simu sikioni kwa sababu mkono wake haukai juu. Kwa hiyo nilisikia yote, na sikutakiwa kusikia.

"Mama."

"Nipo."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ungefanya nini?"

"Ningekuja."

"Ndiyo maana."

Kisha mke wangu akalia. Si kidogo. Ilikuwa sauti ambayo sijaisikia katika miaka kumi na moja ya ndoa. Mama alifumba macho, akasikiliza kama mtu anayesikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa ile pembe yao ya wakunga, bila kumkatiza. Zilipita dakika nzima nzima. Baadaye wakaongea mambo yao, mengine ya zamani, wakatajiana watu nisiowajua. Mama akamwelekeza gauni lake la kijani apewe nani. Mke wangu akauliza unaumwa wapi zaidi, Mama akamwambia, kwa mpangilio, bila kuficha. Mwisho akamwita lile jina la utotoni, akamwambia, "Fanya kazi yako vizuri. Angalia mikono."

Simu ikakatika. Nilikuwa nimeloa shingoni, jasho au machozi, sijui. Mama akanitazama.

"Ulinivunjia neno."

"Ndiyo, Mama."

"Sijakusamehe hilo, usije ukajidanganya." Akapumzika. "Lakini alikuwa hajalia mbele yangu tangu ana miaka sita. Nilikuwa nimesahau sauti yake."

Ijumaa, 6 Juni

Mama amefariki leo asubuhi, saa mbili na nusu. Nilikuwa ghorofa ya chini. Nesi alishuka mwenyewe badala ya kupiga simu, na nilipomwona mlangoni na mvuke wote ule, nilijua.

Jumapili, 8 Juni

Tumemzika. Mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha, ikarudi wakati wa kufukia. Mdogo wake Mama amefika, na jamaa wachache, na Bi Rola, na Mizani akiwa na sare na miwani imejaa matone. Tulipokuwa tunatoka makaburini simu ikalia, ilikuwa Jumapili ya zamu, saa nne. Nilisimama njiani.

"Mmemaliza?" mke wangu akauliza.

"Sasa hivi."

Hakusema kingine, na mimi pia. Mdogo wake Mama alitaka kuichukua simu, nikatikisa kichwa. Tulikaa hivyo, nikisikia mitambo upande wake na yeye nadhani akisikia mvua upande wangu, mpaka dakika kumi zilipokwisha.

Alhamisi, 12 Juni

Wale watu kumi na wanane wamepatikana kumi na mmoja. Imesomwa redioni.

Jumamosi, 28 Juni

Amerudi. Safari hii alikuwa juu, sitahani, kwenye mstari pamoja na wenzake. Amekonda. Alishuka, akasimama mbele yangu, akanipa begi lake nibebe. Njia nzima alitazama nje. Nyumbani aliingia chumbani kwa Mama, akafunga mlango.

Jumapili, 29 Juni

Amelala kule.

Jumatatu, 30 Juni

Amelala kule. Asubuhi tulikunywa chai. Aliniuliza kama sukari ipo.

Alhamisi, 3 Julai

Mvua zimekwisha, wanasema. Leo tumezungumza, au yeye amezungumza. Nilikuwa nakunja nguo mezani, akaja akasimama upande wa pili.

"Tarehe mbili Mei nilikuwa bandarini," akasema. "Nilikunywa soda. Nililala kwenye nyasi. Nilipiga picha na wenzangu. Uwanja wa ndege ulikuwa karibu, nilisikia ndege zikipaa."

"Najua."

"Ningekaa naye mwezi mzima."

"Najua."

"Ile barua ya mchicha ilinifikia tarehe nne Juni. Nilishajua kila kitu, nikafungua sanduku, nikasoma kwamba mchicha umekomaa. Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Wenzangu wakadhani nimerukwa na akili."

Nilikunja fulana, nikaikunjua tena.

"Alikukataza."

"Alinikataza."

"Ukamtii."

"Nilimtii."

"Halafu ukaacha kumtii."

"Ndiyo."

"Ungechagua moja, Dobi. Ungeniambia mapema nikaja, au ungemtunzia neno lake mpaka mwisho. Wewe umetukosea wote wawili." Hakupandisha sauti. Alikuwa kama anayesoma kipimo cha mtambo. "Nimejiuliza ningekuwa wewe ningefanyaje. Sijui. Kweli sijui. Lakini aliyekuwepo ni wewe."

Akachukua nguo zake kwenye rundo, akaondoka nazo.

Jumatatu, 7 Julai

Aliniomba nimsimulie siku ya mwisho. Nikamwambia sikuwepo, nilikuwa chini kwenye mashine. Basi nisimulie siku ya kabla yake, akasema. Nikamsimulia, na ya kabla ya hiyo, nikirudi nyuma mpaka kwenye beseni. Nilimwambia kwamba Mama aliniambia hajanisamehe. Aliuliza alisema kwa sauti gani. Nikamwigizia. Akatikisa kichwa, akasema, ndiyo, huyo ni yeye.

Jumamosi, 12 Julai

Leo amekubali kwenda makaburini. Wiki mbili alikuwa hataki.

Mvua ya Juni ilikuwa imelishusha kaburi la Mama. Upande wa kichwani udongo ulikuwa umezama karibu urefu wa mkono, na maji ya zamani yameacha ufa. Nilikuwa sijafika pale tangu siku ya maziko, nikaona aibu. Nilianza kueleza kwamba ndivyo inavyokuwa, udongo mpya hushuka, lakini yeye alikwisha kupiga magoti, anasukuma udongo kwa viganja.

Nilikwenda kuazima beleshi na karai kwa mlinzi. Niliporudi alinyoosha mkono, akachukua beleshi. Anafanya kazi kama anavyofanya melini, bila kupumzika, bila kutazama pembeni. Mimi nilibeba udongo kwenye karai kutoka kwenye rundo la nyuma ya ukuta, nikamwaga alipoonyesha, yeye akasawazisha na kushindilia. Nadhani nilikwenda mara thelathini, labda zaidi. Jua lilikuwa kali. Viganja vyake vilianza kutoa malengelenge, akanikabidhi beleshi akachukua karai. Tuliendelea mpaka pakawa sawa na pembeni, kisha pakanyanyuka kidogo, ili likishuka tena libaki sawa.

Tulirudisha vyombo. Tulipokuwa tunavuka barabara kubwa, magari yalikuwa mengi na yanakwenda kasi, akanishika. Hakunishika mkono. Alishika ukingo wa shati langu, hapa juu ya kiwiko, na tulipofika ng'ambo hakuachia mara moja.